Santuri za Bombay: Safari ya Siti binti Saad ya Mwaka 1928 na Ushahidi wa Sauti katika Taaluma za Kiswahili

Mwezi Machi mwaka 1928 Siti binti Saad aliondoka Unguja kwa meli pamoja na wapiga ala wake, wakaelekea Bombay. Waliitwa huko na Kampuni ya Gramophone, ambayo santuri zake ziliuzwa kwa nembo ya His Master's Voice, waimbe mbele ya maikrofoni na sauti zao zihifadhiwe. Nembo hiyo ilikuwa picha ya mbwa aliyetega sikio kwenye pembe ya gramafoni, na jina lake lina maana ya "Sauti ya Bwana Wake". Mwanamke aliyekwenda kuimba chini ya nembo hiyo alizaliwa katika ukoo wa watumwa, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Sadfa hiyo haikukusudiwa na mtu, lakini ni vigumu kwa msomaji wa historia ya Unguja kuipita bila kusimama.

Siku hizi mwimbaji anapofunga safari yake ya kwanza ya kikazi, kamera hufuatana naye. Aina hiyo ya filamu ilishika mizizi mwanzoni mwa miaka ya 1960, pale zilipopatikana kamera nyepesi za kubebwa begani na vinasa sauti vilivyoweza kwenda sambamba nazo. Mwaka 1962 Bodi ya Filamu ya Kanada ilitoa Lonely Boy, kuhusu kijana Paul Anka. Mwaka 1964 ndugu Albert na David Maysles waliwafuata Beatles katika ziara yao ya kwanza Marekani, na mwaka 1965 D. A. Pennebaker alimfuata Bob Dylan katika ziara yake ya Uingereza. Watazamaji wa filamu hizo wamezoea kuona mambo yaliyo nje ya wimbo: chumba cha hoteli, gari linalozongwa na mashabiki, mwimbaji akisinzia, meneja akibishana kuhusu malipo. Kutokana na mazoea hayo limezuka dhana kwamba mwanzo wa msanii usiopigwa picha haukuhifadhiwa.

Dhana hiyo haifai kutumiwa kuipima safari ya 1928. Wakati ule filamu yenye sauti ilikuwa kitu kipya hata Marekani, ambako The Jazz Singer ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1927. Bombay yenyewe, mji uliokuja kuwa kitovu cha sinema za nyimbo, ilipata filamu yake ya kwanza ya kuzungumza, Alam Ara, mwezi Machi 1931, miaka mitatu kamili baada ya Siti kufika. Kamera ya 1928 ingalirudi na picha bubu za mwanamke anayefumbua na kufumba kinywa. Kilichoweza kuhifadhiwa ni sauti, na ndicho kilichohifadhiwa. Basi swali linalofaa kuulizwa ni hili: santuri ile ni hati ya namna gani, na mwanafunzi wa Kiswahili aisomeje?

Habari za maisha ya mwimbaji zinajulikana vya kutosha, hivyo hapana haja ya kuzirefusha. Alizaliwa Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880, baba akiwa Mnyamwezi na mama Mzigua. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897, naye alikuwa tayari ni kijana. Alijifunza kufinyanga vyungu, akawa anavichukua mjini kuviuza, na inasimuliwa kwamba sauti yake ilitangulia kusikika njiani kabla ya bidhaa yake kuonekana. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alifunzwa uimbaji na Ali Muhsin, mmoja wa wanachama wa Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarabu kilichoasisiwa mwaka 1905. Baadaye kikaundwa kikundi kilichomzunguka, na majina yaliyodumu katika kumbukumbu ni ya Subeit bin Ambar, Budda bin Mwendo, Mbaruk Effandi Talsam na Mwalimu Shaaban. Jina la Siti, ambalo asili yake ni Kiarabu na maana yake ni bibi mwenye heshima, lilikuja pamoja na sifa.

Taarabu iliyokuwapo kabla yake ilikuwa ya kasri. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuwa alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze ala, na nyimbo za jumba la mfalme ziliimbwa kwa Kiarabu. Siti naye aliimba kwa Kiarabu na kwa lugha ya Kihindi pale hadhira ilipotaka, na alialikwa kwa Sultani Khalifa bin Haroub na kwa matajiri wa Mji Mkongwe. Hata hivyo makazi yake yalikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa hori, walikoishi wachukuzi, mafundi, mama lishe na watu waliotoka utumwani. Nyumbani kwake palikuwa baraza ya usiku: watu walikuja, habari za mchana zikasemwa, na kutokana na habari hizo wimbo ukazaliwa. Wimbo huo ulikuwa wa Kiswahili. Hapo ndipo umuhimu wa santuri unapoanzia, kwa kuwa wenye gramafoni Unguja walikuwa wamezoea kununua sauti za Misri na za India. Kampuni ilipoamua kurekodi kwa ajili ya soko la pwani, lugha ya baraza za Ng'ambo iliwekwa kwenye rafu moja na Kiarabu cha Cairo.

Utaratibu wa kurekodi nao unastahili kuelezwa, maana bila ya kuufahamu hati yenyewe haisomeki. Tangu mwaka 1925 kampuni kubwa zilikuwa zimeacha pembe na kuanza kutumia maikrofoni na umeme. Sauti ilichongwa na sindano juu ya bamba nene la nta, na kutokana na bamba hilo kikafanywa chapa cha madini cha kubania santuri za shelaki, utomvu utokao kwa mdudu apatikanaye India. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10, iliyozungushwa mara 78 kwa dakika, ulichukua takriban dakika tatu. Hapakuwa na kukata na kuunga. Mpiga ala akikosea, au mwimbaji akikohoa, bamba lilitupwa na wimbo ukaanzwa upya.

Dakika tatu hizo ziliubadili wimbo. Katika ukumbi, wimbo wa taarabu haukimbii. Ala hutangulia, mwimbaji huingia kwa utulivu, kila ubeti hurudiwa, na mtu katika hadhira aliyeguswa na maneno huinuka akatunza, yaani akamfikia mwimbaji na kumpa fedha, jambo ambalo mara nyingi humfanya mwimbaji arudie maneno yaleyale yaliyomgusa mtunzaji. Kutunza si pambo la nje. Ndiko kunakoonyesha wimbo unamsema nani, kwani wimbo uliojaa mafumbo hukamilika pale msikilizaji mmoja anapojitokeza na kudai kwamba umemsemea yeye. Bombay hapakuwa na mtu wa kuinuka. Fundi wa mitambo hakujua lugha, saa ilikuwa ikihesabu, na ubeti uliosubiri mtunzaji ukapita. Wimbo mrefu ulilazimika kupunguzwa au kugawanywa katika pande mbili za santuri. Kwa hiyo anayehesabu beti katika santuri na kutoa hukumu kuhusu urefu wa nyimbo za zama zile anapima ukubwa wa bamba la nta, na utunzi unabaki haujapimwa.

Tofauti hii haikuwa ya Waswahili peke yao. Gauhar Jaan, mwimbaji mashuhuri wa Calcutta aliyerekodiwa mwaka 1902, alikuwa akilitaja jina lake kwa Kiingereza mwishoni mwa wimbo, kwa sababu mafundi wa Ujerumani waliotengeneza santuri wangeshindwa kuitambua sauti ya nani ni ipi. Yule msikilizaji aliyetajiwa jina hakuwa shabiki, alikuwa mtu wa kiwandani. Kila hati ya sauti ya zama hizo ina msikilizaji wa namna hiyo, asiyeonekana, ambaye mwimbaji alilazimika kumridhisha kabla ya kumfikia msikilizaji aliyekusudiwa.

Kwa wanaisimu, mwaka 1928 una uzito mwingine. Mwezi Juni mwaka huohuo, miezi mitatu baada ya safari ya Bombay, wajumbe wa serikali za Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar walikutana Mombasa, na ndipo Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu badala ya Kimvita. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyofuata ilianza kazi mwaka 1930, nayo mwanzoni haikuwa na mjumbe Mwafrika. Kiunguja walichokuwa nacho wajumbe kilikuwa kimepita kwanza mikononi mwa wamisionari, hasa Edward Steere, ambaye kitabu chake cha sarufi kilichapishwa mwaka 1870. Kilikuwa Kiunguja cha karatasi. Wakati huohuo Kiunguja cha vinywa vya Ng'ambo kilikuwa kinazunguka kwenye santuri, kikauzwa madukani na kusikilizwa mikahawani. Pande hizo mbili hazikukutana, na kwa muda mrefu hata watafiti hawakuzikutanisha. Historia ya usanifishaji iliandikwa kutokana na majalada ya kamati, na santuri wakaachiwa wataalamu wa muziki. Mgawanyo huo wa kazi umeigharimu taaluma ya Kiswahili.

Umeigharimu kwa sababu kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kuyasema. Tahajia sanifu haionyeshi mpumuo. Neno paa la nyumba na neno paa la mnyama huandikwa kwa herufi zilezile, ilhali msemaji wa pwani huyatofautisha kwa pumzi inayofuata p ya neno la pili. Tahajia hiyo huandika heri kwa h, na haimwambii msomaji kama mtu fulani, katika mji fulani, alitamka h au kh. Tofauti hizo zilikuwa na maana ya kijamii katika Unguja ya miaka ya 1920, mji ambamo matamshi ya maneno ya Kiarabu yaliweza kumwonyesha aliyesoma na asiyesoma, aliyezaliwa katika jumba na aliyetoka shamba. Siti hakujua kusoma wala kuandika. Matamshi yake ya maneno ya Kiarabu hayakutokana na kitabu, bali na sikio, na mwalimu wake alikuwa mtu wa taarabu. Mwanafonolojia anayetaka kujua jinsi maneno ya mkopo yalivyoingia katika vinywa vya watu wasio wanazuoni hawezi kupata ushahidi bora kuliko huu kutoka katika muongo ule.

Ushahidi huo, hata hivyo, una mitego, na hapa inafaa kwenda polepole. Mtego wa kwanza ni wa kifizikia. Mitambo ya 1928 ilinasa mawimbi ya sauti hadi takriban herzi 5,000, na sehemu kubwa ya nguvu ya konsonanti kama s na f iko juu ya kiwango hicho. Mtu anayesikiliza santuri iliyochakaa na kudai kwamba mwimbaji alitamka s mahali pa th anaweza kuwa anasikia mkwaruzo wa sindano. Mtego wa pili ni kasi. Santuri iitwayo ya mizunguko 78 haikuwa lazima ichongwe kwa kasi hiyo hasa, na ongezeko la takriban asilimia 6 hupandisha sauti kwa nusu toni nzima na kuzisogeza irabu pia. Baadhi ya yaliyosemwa kuhusu wembamba wa sauti ya Siti huenda yanahusu mota ya gramafoni kuliko koo lake. Mtego wa tatu ndio mzito zaidi kwa mwanafasihi: mwimbaji hakuwa akizungumza. Ubeti wa taarabu wa desturi una mishororo mitatu, kila mshororo una vipande viwili vya mizani 8, vina vya kati na vya mwisho vikiwa vimepangwa. Ili kuitimiza mizani mtunzi huchukua maumbo ya Kimvita na ya Kiamu ambayo hakuna mtu wa Ng'ambo aliyeyatumia sokoni. Anayechukua kila umbo lililomo katika santuri na kuliita Kiunguja cha 1928 anafanya kosa lilelile la wajumbe wa Mombasa, ila kwa mlango wa pili. Matamshi ni ya Unguja. Msamiati na sarufi ni mali ya ushairi wa pwani nzima.

Yaliyomo katika nyimbo nayo yana ushahidi wake. Wimbo wa Kijiti unajulikana kuliko nyingi. Mtu aliyeitwa kwa jina hilo alimwua mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, akakimbilia bara, na sheria ikawaangukia wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu, ambao walikwenda mahakamani kama mashahidi. Wimbo unasimulia tukio hilo na kuinyoshea mahakama kidole. Jalada la mahakama ya kikoloni lina mshitakiwa, vifungu vya sheria na hukumu. Wimbo una kile ambacho jalada halina, yaani namna watu wa mtaani walivyoiona hukumu ile. Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, alizichukua nyimbo hizi kama vyanzo vya historia ya Unguja baada ya utumwa, na alikwenda kwa wazee wa Ng'ambo kuuliza nani alikuwa nani katika mafumbo. Bila ya wazee wale nusu ya maana ingalipotea, kwa sababu fumbo lililoeleweka na mtaa mzima mwaka 1928 halina ufunguo ndani ya santuri yenyewe.

Suala la utunzi limeleta utata kuliko linavyostahili. Kwenye lebo ya santuri mna jina la mwimbaji, na msomaji wa leo huona jina hilo akadhani ndilo la mtunzi. Utaratibu wa baraza ulikuwa tofauti. Mmoja alileta habari, mwingine akatoa mshororo wa kwanza, wengine wakapinga kina au wakapendekeza neno, na aliyejua kuandika akaandika. Kitabu cha Waimbaji wa Juzi, kilichotolewa mwaka 1966 chini ya uhariri wa A. A. Jahadhmy na wenzake, kilikuwa na busara ya kuyaweka majina manne pamoja: Mwalimu Shaaban, Siti binti Saad, Mbaruk Effandi na Budda bin Mwendo. Wahakiki waliofuata, wakitafuta mtunzi mmoja kama watafutavyo kwa riwaya, mara nyingine wamemnyang'anya Siti kila neno kwa hoja kwamba hakuandika, na mara nyingine wamempa yote kwa hoja kwamba jina lake liko kwenye lebo. Hoja zote mbili zimejengwa juu ya kalamu na karatasi. Katika sanaa iliyotungwa kwa kinywa, aliyeimba, aliyechagua ubeti upi ubaki ndani ya dakika tatu, naye ni mtunzi.

Kuna hati nyingine ya maisha yake ambayo wanafunzi huisoma kabla ya kusikia santuri yoyote, nayo ni Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Mwandishi alimwona na kumhoji mwaka 1950, miezi michache kabla ya Siti kufariki tarehe 8 Julai mwaka huo, na kazi hiyo ikatoka mwaka 1958 katika jarida la Kamati ya Kiswahili, kisha kama kitabu. Ni maandishi ya thamani kubwa, na Kiswahili chake ni cha mtu aliyeipenda lugha. Lakini Shaaban Robert aliandika kwa shabaha ya kufunza. Siti wa wasifu ni kielelezo cha subira na bidii kwa wasichana wa Afrika, aliyedharauliwa kwa sura na kwa nasaba akajibu kwa sanaa. Siti wa santuri ana ulimi mkali zaidi: anacheka, anasuta, anaingia katika ugomvi wa mtaa. Si lazima mmoja awe wa kweli na mwingine wa uongo. Mwanamke mzee aliyekuwa akizungumza na mwandishi maarufu alichagua la kusema, kama alivyochagua alipokuwa mbele ya maikrofoni.

Kamera ilikuja baadaye, kwa mwingine. Bi Kidude, aliyezichukua nyimbo nyingi za Siti na kuziimba kwa namna yake hadi kufariki kwake tarehe 17 Aprili 2013, alipigwa filamu akiwa kikongwe. Filamu ya Andy Jones, As Old as My Tongue, ya mwaka 2006, inamwonyesha jukwaani, safarini na nyumbani, sigara mkononi, akipiga ngoma ya unyago na kujibu maswali pale tu anapotaka. Mtazamaji anapata kila kitu ambacho santuri za 1928 hazina: uso, mkono, hadhira inayoinuka. Wanafunzi wengi hudhani kwamba kwa kumtazama Bi Kidude wamemwona Siti. Hilo halifuati. Bi Kidude hakuwa mwigo. Alizipunguza beti, alibadili maneno, akaimba kwa sauti nzito iliyokuwa yake peke yake. Filamu inafaa kutumiwa kujifunza jinsi wimbo wa taarabu unavyoishi mbele ya watu, ili msikilizaji arudipo kwenye santuri ajue ukimya ule wa baina ya beti ulikuwa mahali pa nani.

Baadhi ya santuri za zama zile zimekwisha kuhamishiwa katika mitambo ya kisasa. Mkusanyo wa Poetry and Languid Charm, uliotolewa mwaka 2007 kutokana na hazina ya Maktaba ya Uingereza, umewawezesha watu wasio na gramafoni kusikia Kiswahili cha miaka ya 1920 hadi 1950. Shelaki huvunjika kwa kuanguka mara moja, na nakala nyingine zimo makabatini katika nyumba za Unguja na Mombasa. Kazi ya kuulinganisha kila ubeti uliochapwa katika Waimbaji wa Juzi na ubeti ulioimbwa, neno kwa neno, pamoja na kuandika matamshi yake kwa alama za kifonetiki, inahitaji mtu mwenye sikio la pwani, mfahamu wa vina, na mwenye kupima kasi ya santuri kabla ya kuandika irabu ya kwanza.